Wimbo Mpya si Mwana wa Haramu

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Methali hii njema imegeuzwa fimbo na walinzi wa muziki wa jadi, nao humchapa nayo kila athubutuye kutunga.

Tuitazame albamu ya Miero, iliyotolewa mwaka 2006 na kundi la Värttinä la Ufini. Kundi hili lilianzishwa mwaka 1983 huko Rääkkylä, Karelia ya Kaskazini, na ndugu wawili wa kike, Sari na Mari Kaasinen. Lilianza kwa nyimbo za kale. Kufikia Miero, wanawake watatu waliimba hasa tungo mpya za kundi lenyewe, kwa kodiani, fidla na ngoma. Hapo mlinzi hukunja uso na kunena: hii si jadi, ni bidhaa iliyovikwa joho la mababu.

Nami namwuliza: Kalevala ni nini? Elias Lönnrot, tabibu aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo, aliitoa mwaka 1835, kisha akaipanua mwaka 1849 hata ikafika tungo 50 na mistari 22,795. Aliunganisha nyimbo za waimbaji mbalimbali, akazipanga atakavyo, akatia na mistari yake mwenyewe. Ikiwa kutunga ni hiana, basi kitabu kinachoheshimiwa na taifa zima ni hiana kubwa kupita zote. Mlinzi hathubutu kusema hivyo. Kwa hiyo hoja yake si ya haki, ni ya umri tu. Humsamehe Lönnrot kwa kuwa amekufa, akawahukumu Värttinä kwa kuwa wa hai.

Msomaji wa Kiswahili hana udhuru wa kutofahamu jambo hili. Mstari wa kale wa Kifini, kama mstari wa utenzi wetu, una mizani nane kwa kawaida. Hauna vina vya mwisho. Hufungwa kwa kurudia sauti za mwanzo wa maneno, na kwa mstari wa pili kulisema tena jambo la kwanza kwa maneno mengine. Kwetu, mtu akitunga utenzi leo, nani humwambia kwamba ameghushi kwa sababu hakuunakili wa jana? Tunahesabu mizani, tunapima maana, kisha tunahukumu.

Nakiri kwamba hofu ya walinzi ina chembe ya kweli. Soko hupenda neno “asili” kama nzi apendavyo asali, na mapigo ya Miero yangaliwashangaza waimbaji wa karne ya 19. Walakini dawa ya utungo mbaya ni kuuhukumu kwa ubaya wake, wala si kuwakataza watu kutunga. Kanda zilizofungiwa makabatini huhifadhi sauti za wafu. Haziwezi kumfunza kijana kulipanga neno jipya ndani ya kipimo cha kale. Kazi hiyo hufundishwa kwa kutenda.

Neno miero lahusu hali ya mtu aliyetupwa nje ya jamii, asiye na kwao. Basi tusiutupe nje wimbo kwa kosa la kuzaliwa juzi. Aiachaye asili si yule atungaye kwa kanuni zake, bali yule aliyeacha kutunga kabisa, akabaki kuhesabu urithi wa wenziwe.