Injini haioshwi mtoni

Land Rover yangu ya 109 imeshushwa injini mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza ilishushwa gereji. Mara ya pili niliishusha mwenyewe, nyumbani Mbinga, chini ya mparachichi, msimu wa kahawa ulipokwisha. Wapita njia wananiuliza kulikoni mtu mzima mwenye wajukuu anashinda amechuchumaa, mswaki mkononi, anasugua pistoni. Jibu langu ni refu, na sehemu yake inawahusu wao.

Ile mara ya kwanza vijana wa gereji walifanya kazi iliyopendeza macho. Walipakia bloku, krenkshafti na sampu kwenye toroli hadi kijitoni, wakavua viatu, wakamwagia petroli, wakasugua kwa brashi ya waya na mchanga wa palepale, wakasuuza. Vyuma vikarudi vinang'aa kama sahani za harusi. Nikatoa na hela ya soda. Miezi mitatu baadaye, ninapandisha mlima na magunia ya mahindi, injini ikaanza kugonga. Tulipoifungua, metali zinazoibeba krenkshafti zilikuwa zimekwanguka kana kwamba mtu amezipitishia msasa. Krenkshafti ina matundu membamba ndani yake yanayopeleka oili kwenye metali. Humo tulichokonoa tope jeusi, na ndani ya tope, mchanga wa mtoni.

Kwa hiyo kabla sijafika kwenye habari ya mazingira, ambayo najua wengi huifungia masikio, naanza na habari ya mfuko. Mtoni si mahali pa kuoshea injini kwa sababu injini yenyewe haitaki. Punje moja ya mchanga kwenye tundu la oili inatosha kukurudisha kwa muuza spea.

Nyumbani nimejifunza polepole, na kwa hasara. Masizi juu ya pistoni nayakwangua kwa kipande cha mwanzi nilichokichonga bapa, maana pistoni ni aluminiamu, na bisibisi huiachia mikwaruzo. Vyuma nalaza usiku kucha kwenye karai la mafuta ya taa. Asubuhi nasugua, kisha mafuta yale machafu nayamimina kwenye dumu na kuliacha wiki nzima bila kuligusa. Uchafu unazama, juu yanabaki mafuta safi ya kutosha kurudi karaini. Lita 5 zimenitosha injini nzima. Mtoni zingeondoka kwa dakika 10.

Baada ya mafuta ya taa ni maji ya moto na sabuni ya unga, tena mengi. Hapa mafundi wengi wananicheka. Lakini kuta za silinda zina mistari midogo iliyoachwa na jiwe la kunolea, na petroli hupita juu yake ikayeyusha oili na kuacha unga wa chuma umelala mlemle. Povu ndilo linaloutoa. Nikisha kuosha, napitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na kivuli cha kijivu, narudia. Matundu ya krenkshafti nayapitisha spoku ya baiskeli iliyofungwa uzi wa pamba, halafu napiga upepo kwa pampu ya baiskeli, kwa kuwa kompresa sina. Mwisho kukausha juani na kupaka oili papo hapo. Chuma cha bloku kikiachwa na unyevu, kabla hujamaliza chai kimeshaanza kutu.

Nilitaka kuanika vyuma kwenye chanja cha kahawa, wavu ule mzuri unaopitisha hewa. Mama Osmunda alisimama mlangoni na mwiko. "Baba Osmunda, msimu ujao kahawa ikinuka mafuta ya taa utainywa wewe peke yako." Ana haki. Kahawa hunyonya harufu kuliko nguo. Nikaanika juu ya bati.

Kosa langu kubwa lilikuwa kostiki soda. Ilikuwepo ndani, ya kutengenezea sabuni, nami nikakumbuka inavyokula mafuta. Nikaikoroga na maji kwenye ndoo, nikatumbukiza pistoni mbili. Zilianza kuchemka bila moto. Nilidhani uchafu unatoka, kumbe ilikuwa ni pistoni yenyewe inaliwa, na mvuke unaotoka humo ni haidrojeni, hewa inayolipuka ikikutana na moto. Jiko la kuni lilikuwa hatua chache tu. Nilizitoa zimefifia, zimetoboka vishimo kama uso wa aliyepona ndui. Kostiki haina ugomvi sana na chuma, ila aluminiamu ni chakula chake, na mtu asiyevaa glavu hali kadhalika.

Petroli ndiyo inayonitisha zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kimyakimya hadi ukutane na figa, sigara au cheche ya spana. Nchi nzima inakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walivyoteketea kwenye lori la mafuta. Hata hivyo karai la petroli bado linawekwa katikati ya ua, watoto wakizunguka. Na siwalaumu vijana peke yao. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, na kwa kweli watu walikuwa wanachanganya. Halafu taa za sola zikaingia vijijini, mwenye duka akaacha kuleta mafuta ya taa. Leo petroli unaipata kwenye chupa kando ya kila kijiwe cha bodaboda, mafuta ya taa unayafuata mjini. Fundi anatumia kilicho karibu.

Sasa habari ya maji. Vijito vingi vya milima ya Umatengo huteremka magharibi, vingine kwa Ruhuhu, vingine kwa Ruhekei, na mwisho wake ni Ziwa Nyasa. Ziwa lile lina kina cha mita 700 hivi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Shire, kusini kabisa. Maji mengi yanayoingia hayatoki kwa mto, huondoka kwa jua. Oili nzito haina safari hiyo. Shemeji yangu ni mvuvi wa Liuli, na huko mama zetu wanachota maji ya kunywa palepale mitumbwi inapoegeshwa. Kila nikishuka ananionyesha mahali meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa, Agosti 1914, Waingereza wakaja na Gwendolen wakaipiga mizinga. Anapenda sana hadithi hiyo. Safari iliyopita hakuisimulia. Alinionyesha utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji, kando ya mtumbwi wenye injini, akasema: "Shemeji, na nyie wa mlimani mnatuletea zenu."

Nilikosa la kujibu, maana marehemu baba yangu alikuwa na usemi wake. Sisi Wamatengo tunalima ngoro: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati unachimbwa na kuzifunika, linabaki shimo. Mvua ikipiga mteremko, maji yanatulia shimoni na udongo hauondoki. Mzee akimwona mtu anayelima mlimani bila ngoro alisema, "Yule anawalimia watu wa ziwani." Tumekuwa hodari wa kuzuia konzi moja ya udongo isishuke, na haohao tunasukuma toroli la injini hadi kijitoni.

Tangu lami ya kilomita 66 ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, magari na bodaboda zimeongezeka, na kila pikipiki inamwaga oili kila baada ya wiki chache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 hizo nimeona zikitajwa mwenye bustani ya mchicha anapofukuzwa. Mwenye bloku katikati ya maji sijaona akiulizwa. Ninachotaka halmashauri zetu za Mbinga na Nyasa zifanye ni kidogo: leseni ya gereji iambatane na pipa moja la oili chafu na karai moja la kuoshea, na pawe na siku inayojulikana ya lori kupita kukusanya. Na chuo cha VETA Songea kiwape wanafunzi somo la kuosha kwa uzito uleule wa kufunga, maana nusu ya injini zinazorudi kugonga nashuku zinaanzia kwenye kuosha.

Injini yangu imefungwa wiki mbili zilizopita. Haigongi. Nyuma ya ghala kuna madumu matatu, mawili ya oili chafu na moja la tope lililozama. Jirani ameomba oili apake nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa, nimempa kidogo. Tope halina mwombaji. Nilikwenda ofisi moja kuuliza nilipeleke wapi. Karani alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, si umwage tu mtoni?"