Taa ya Kamera na Uso wa Mwalimu Mwanafunzi

Desturi ya kunasa masomo ya mazoezi kwa video imeanza kuenea katika vyuo vyetu vya ualimu, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwanachuo anayejitazama mwenyewe akifundisha hujifunza kwa robo saa mambo ambayo mkufunzi angemweleza muhula mzima bila kusadikiwa. Wazo lenyewe si geni. Ufundishaji mdogo, yaani somo la dakika chache mbele ya wanafunzi wachache, likahakikiwa na kisha kufundishwa upya, ulianza katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963, kwa juhudi za Dwight Allen na wenzake, na mapema sana walianza kutumia mashine za kunasa picha na sauti. Mashine za siku zile zilikuwa nzito na za gharama kubwa. Leo kazi ileile hufanywa na simu iliyomo mfukoni mwa mkufunzi. Kilichobaki nyuma ni mwanga.

Tunalo kosa letu wenyewe la kusimulia. Tulimnasa mwanachuo mmoja akifundisha sehemu katika somo la Hisabati, chumbani ambamo madirisha yote yako upande mmoja. Kamera iliwekwa mlangoni, ikiyaelekea madirisha, kwa sababu pale ndipo palipokuwa na nafasi. Wakufunzi watatu ambao hawakuwamo darasani walitoa alama kwa kuitazama video hiyo. Katika kipengele cha kuwatazama wanafunzi na kile cha uchangamfu, wote watatu walimpa alama za chini. Mwanachuo alikuja ofisini na kusema kwa adabu, “Mkufunzi, mimi niliwatazama wote, tena nilitabasamu.” Tulifungua video tena, safari hii kwa macho mengine. Hapakuwa na uso wa kuhukumiwa. Palikuwa na kivuli cheusi chenye umbo la mtu, na nyuma yake dirisha linalong’aa kama bati la mabati mapya. Sisi tulikuwa tumelipa giza alama, tukaliandikia jina lake.

Yafaa ieleweke kwa nini jambo hili hutokea. Kamera inayojirekebisha yenyewe hupima mwanga wa picha nzima na kuuleta kwenye wastani wake. Ikiona dirisha jeupe au ubao mweupe mkubwa, hupunguza mwanga wote, na uso wa mtu huzama. Uso mweusi huzama zaidi, kwa kuwa hurudisha mwanga kidogo kuliko ubao. Historia ya upigaji picha nayo haikutusaidia: kwa miaka mingi kadi ambazo kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji picha ili wapimie rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Kamera za leo ni bora sana kuliko filamu za wakati ule, lakini mtu anayenasa nyuso zetu mbele ya ubao mweupe hana budi kuzifikiria nyuso hizo kwanza, na ubao baadaye.

Dawa ya kwanza haina bei. Geuza darasa. Mwalimu mwanafunzi asimame akilielekea dirisha au akiwa nalo ubavuni, na kamera iwe upande wa dirisha. Tungependa kila chuo kifanye hivyo kabla ya kutoa senti moja. Lakini si kila chumba hugeuzika, ubao ukiwa umejengewa ukutani. Na masomo mengi ya mazoezi hufanyika jioni, au katika miezi ya masika wakati mawingu yameziba, au umeme umekatika. Hapo ndipo taa ndogo ya LED ya kufunga juu ya kamera inapohitajika, na hapo ndipo nasi tulipokosea mara ya pili.

Tulinunua iliyokuwa kali kuliko zote kwa bei tuliyoimudu. Muuzaji alituhesabia vibalbu vyake kwa fahari, nasi tukahesabu pamoja naye. Video iliyofuata ilionyesha uso, ni kweli, lakini uso wa rangi ya majivu, na mng’ao mkubwa katikati ya ubao uliomeza kichwa cha somo chote.

Maoni yetu ni haya: taa ya bei nafuu kwa kazi ya chuo ichaguliwe kwanza kwa ukweli wa rangi yake, pili kwa urahisi wa kuiondoa juu ya kamera, na ukali wake uje nyuma ya hayo mawili. Wako wenzetu wanaoshikilia kinyume, kwamba mwanga mwingi ndio msingi na rangi ni anasa ya wapiga picha za harusi. Hatukubaliani nao, na sababu zetu ni hizi.

Taa nyeupe ya LED kwa asili yake ni ya buluu. Kugunduliwa kwa LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, ndiko kulikowezesha taa hizi kuwapo. Juu ya chembe ya buluu hupakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano, na mchanganyiko wake macho yetu huuona mweupe. Unga ukiwa wa hali ya chini, nyekundu huwa haba katika mwanga huo. Jicho hudanganyika, kamera haidanganyiki. Na nyekundu ndiyo inayoipa ngozi ya kahawia uhai wake. Ukiiondoa, mtu mwenye afya huonekana kama ametoka kuugua malaria. Mkufunzi anayetazama video hiyo hasemi, “Taa ni mbaya.” Husema, “Mwanachuo huyu amepoa.”

Kwenye boksi la taa huandikwa kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, ambacho upeo wake ni 100. Tutafute 95 au zaidi. Hata hivyo kipimo hicho ni wastani wa rangi nane zilizofifia, na nyekundu iliyokolea haimo. Watengenezaji waangalifu huitaja peke yake kwa alama R9, nayo ikiwa juu ya 90 ni dalili njema. Wengi hawaitaji. Kwa hiyo tunapendekeza jaribio lisilohitaji boksi: mnunuzi aende dukani, iwe Kariakoo au popote, akiwa na kipande cha khanga chenye nyekundu iliyokolea. Akimulike kwa taa ile, akipige picha pamoja na kiganja na mgongo wa mkono wake, kisha atoke nje mlangoni apige picha ileile kwa mwanga wa mchana. Nyekundu ikigeuka kuwa ya matofali, au mkono ukawa wa kijivu, arudishe taa kabatini kwa shukrani.

Akiwa bado dukani apunguze mwanga wa taa hadi nusu, aelekeze kamera ya simu kwenye ukuta mweupe uliomulikwa nayo tu. Taa nyingi za bei ya chini hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana. Jicho halioni, lakini kamera huandika michirizi inayopita katika picha. Taa yenye michirizi haifai hata ikitolewa bure. (Taa za darasani nazo huweza kuleta michirizi ya namna hiyo, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kamera ikiruhusu, iwekwe kwenye sehemu ya 1 kwa 50 au 1 kwa 100 ya sekunde.)

Kuhusu joto la rangi hatutakaa sana. Mwanga wa mchana huhesabiwa kuwa Kelvini 5600, na wa balbu ya zamani ya waya 3200. Taa zinazobadilika kutoka moja hadi nyingine zinafaa kwa masomo ya jioni, ila mnunuzi ajue kwamba nyingi kati ya hizo zina makundi mawili ya vibalbu, na ukichagua ncha moja ni nusu tu inayowaka. Ile hesabu ya muuzaji tuliyoishangilia ilikuwa ya namna hii.

Sasa tuje kwenye kufungwa juu ya kamera, ambako kwa maoni yetu ndiko kwenye hasara kubwa zaidi. Mwanga unaotoka katika taa ndogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Taa inayotoa luksi 800 kwa mita 1 hutoa 200 kwa mita 2, na 50 tu kwa mita 4. Tufikirie basi kamera iliyo nyuma ya darasa, mita 4 kutoka kwa mwalimu mwanafunzi, na taa yake juu. Mtoto aliyekaa mita 1 mbele ya kamera hupata mwanga mara 16 zaidi ya uso tunaotaka kuuona. Tunakuwa tumenunua taa ya kumulika visogo. Na mwanga ule mdogo unaofika mbele hugonga ubao unaong’aa na kurudi moja kwa moja kwenye lenzi, kwa sababu taa na lenzi vimesimama mahali pamoja. Kuongeza ukali hakuponyi lolote kati ya hayo mawili, huyazidisha.

Taa ileile ikiondolewa na kusimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, mita moja na nusu hivi kutoka kwa mwalimu, ubavuni na juu kidogo ya kichwa chake, hufanya kazi ya taa kubwa mara nyingi. Mng’ao wa ubao huenda upande mwingine. Uso hupata umbo, macho huonekana yanamtazama nani. Ikipunguzwa ukali kwa kipande cha shuka jeupe kilichotengwa nayo kidogo, mwanga hulainika na haumchomi anayefundisha. Watoto nao hawapigwi na taa machoni, jambo ambalo lingepaswa kutuhusu hata kama picha ingekuwa nzuri. Kwa hiyo taa iwe na tundu la skurubu chini yake linaloingia kwenye stendi ya kawaida ya kamera. Zipo zisizo nalo.

Betri ni mtego. Taa nyingi huuzwa bila betri wala chaja, na mnunuzi hugundua nyumbani. Zile zinazotumia betri za aina ya NP-F zina faida kwamba betri hupatikana na hubadilishwa katikati ya kazi. Zile zenye betri ya ndani ni nyepesi, lakini betri ikichoka taa nzima imechoka. Tusilinganishe namba za betri bila kuangalia volti. Betri ya volti 7.4 na ampea-saa 2 ina wati-saa karibu 15, ambazo kwa taa ya wati 10 ni kama saa moja na nusu kwa hesabu, na pungufu ya hapo kwa vitendo. Hiyo inatosha kipindi cha dakika 40 na maandalizi yake. Pawabanki iliyoandikwa 10,000 ina wati-saa 37 hivi, si mara tano kama namba zinavyodai. Chuo chenye pawabanki tayari kitafute taa inayokubali kulishwa kwa waya wa USB wakati inawaka, kitaokoa fedha ya betri.

Tuseme pia, ingawa si mada yetu, kwamba chuo ambacho hakijanunua kipaza sauti cha kubana kifuani kingeanza na hicho. Mwalimu asiyesikika hana msaada wa taa.

Tulipopata taa yenye nyekundu ya kweli, ndogo na hafifu kuliko ile ya kwanza, tulimwomba mwanachuo yule afundishe somo lilelile. Alisimama mahali palepale. Safari hii wakufunzi wale watatu waliona kwamba anapouliza swali huwatazama wa nyuma kwanza, na kwamba mtoto anapokosea yeye hutabasamu kabla ya kumsahihisha. Alama zake zilirekebishwa. Wenzake kumi na wanne walionaswa katika chumba kile kabla yake, mlangoni palepale, alama zao zilikuwa zimekwisha kupelekwa.