Kutoa Si Utajiri

Ukigusia maradhi, njaa au mabadiliko ya tabianchi barazani, hukosi kumsikia mtu akisema: “Hayo waachie wenye pesa. Sisi tunahangaikia mkate wa kesho, dunia tutaisaidia nini?” Kauli hii imezoeleka hadi inapokelewa kama busara. Si busara hata kidogo. Ni kisingizio, na ni kisingizio cha hatari.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya ghafla. Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, wahudumu waliokuwa wakilipwa kwa fedha hizo waliambiwa wabaki nyumbani. Watu wanaoishi na VVU wakaanza kuulizana dawa za mwezi ujao zitatoka wapi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali tuliyoikariri shuleni ilitufikia hadi dirisha la dawa.

Wala si kwamba hatukujua la kufanya. Aprili 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Karibu robo karne imepita na nchi nyingi hazijafika huko. Ahadi hiyo haikuvunjwa Washington. Ilivunjwa na serikali zetu, nasi wapiga kura tukanyamaza.

Sisemi matajiri wasamehewe. Mwaka 1970 Umoja wa Mataifa ulizitaka nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato lao kusaidia maendeleo ya nchi maskini, na zilizowahi kutimiza ni za kuhesabika. Nchi hizo tajiri ndizo pia zilizojaza anga moshi wa viwanda vyao kwa vizazi na vizazi. Hilo ni deni, na lazima tulidai. Lakini tutawadai kwa uso gani, ilhali ya Abuja yametushinda?

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayetaka ushahidi amtazame Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili amwonyeshe dereva njia, akaambukizwa. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na baada yake ndui haikumpata tena mtu yeyote kwa njia ya kawaida, nje ya maabara. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya kutokomeza polio, akiwasimulia wazazi waliosita jinsi woga wake ulivyomponza. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alirudi kazini, na malaria ikamuua Julai ile akiwa katika kazi hiyo.

Mpishi yule hakuwa na mali ya kutoa. Alitoa miguu yake na kisa chake. Fedha za wakubwa hununua chanjo, lakini haziwezi kukaa mkekani na mama mwenye hofu zikamtuliza.

Basi Juni, bajeti zinaposomwa Dodoma, Nairobi na Kampala, tusisikilize bei ya sukari na mafuta peke yake. Mwulize mbunge wako afya imetengewa asilimia ngapi, na usikubali jibu la kuzungukazunguka. Na siku mhudumu wa afya atakapopiga hodi mtaani kwako, toka umwonyeshe njia hadi kwa jirani anayesita. Hilo halihitaji utajiri.