Chombo Kimechorwa, Mkono Umesahauliwa

Wako wasomi wasemao kwamba picha za kale za vyombo na mitambo ni ushahidi kamili wa maendeleo ya wanadamu. Nao huzitundika ukutani, wakamsifu mvumbuzi peke yake. Sisi hatukubali. Picha hizo ni nusu ya ushahidi, na nusu ya ushahidi hupotosha.

Kwanza tuzitendee haki. Mfaransa Diderot na wenziwe walipotoa mabuku 11 ya picha, tangu 1762 hata 1772, walionyesha karakana za mafundi na vyombo vyao kimoja kimoja. Hata kazi ya tumbaku imo. Ni jambo jema, maana kazi ya mikono ilipewa heshima. Walakini watu wale wamechorwa safi na watulivu. Jasho halionekani, wala ujira wao.

Tazameni kalibu ya biri, yaani sigara nene ya majani matupu. Katika picha ni mbao mbili zenye vishimo, basi. Lakini kabla yake fundi alihitaji ubao, kisu, na vidole vilivyofundishwa muda mrefu. Kalibu ilipoenea Marekani baada ya 1869, asiye fundi aliweza kuwekwa mahali pake kwa ujira mdogo. Huko New York jamaa nzima, pamoja na watoto, walisokota biri katika vyumba vile vile walimolala. Mwaka 1877 maelfu waligoma, wakashindwa. Sheria ya kukataza kazi hiyo majumbani ilitungwa, na mwaka 1885 mahakama ikaitangua.

Tena uko mtambo wa sigara wa James Bonsack, uliopata hati mwaka 1881. Ulitoa sigara kama 120,000 kwa saa 10, kazi ya watu 40 hivi. Mchoro wake ni magurudumu na mikanda. Waliokuwa wakisokota kwa mkono hawamo.

Mtatujibu: "Mchoro wa mtambo kazi yake ni kuonyesha jinsi ulivyoundwa, si habari za watu." Ni kweli. Kosa si la mchoraji. Ni letu sisi, tunapompa mtoto mchoro huo na kuuita historia.

Basi, mwalimu aonyeshaye picha ya chombo na aulize maswali matatu: Nani alikishika? Alilipwa nini? Kilipokuja, nani aliondolewa? Asiyeuliza hayo amefundisha habari za chuma na mbao, wala hajafundisha habari za wanadamu.