Anwani ya Mtandaoni Iwe Mali ya Mwenyewe

Kila mwananchi aliyewahi kukodi sanduku la posta anaifahamu faida yake. Mtu huhama nyumba, hubadilisha kazi, hata huenda kujenga mtaa mwingine, lakini barua zake huendelea kufika kwa nambari ile ile. Wanaomwandikia hawana haja ya kujua anaishi wapi.

Jambo hili lililo wazi katika posta bado halijafahamika vya kutosha katika mtandao wa intaneti. Wengi wa walimu wetu, waandishi, mafundi na wafanyabiashara wadogo wameweka kazi zao katika kurasa za bure za makampuni ya ng'ambo, na anwani wanayoitangaza, hata ile iliyochorwa kwenye bango la duka, imebeba jina la kampuni. Siku kampuni inapofunga milango, anwani hiyo hufa, na wateja hubaki wakibisha hodi pasipo mtu.

Hatusemi haya kwa kuwatisha watu. Huduma ya GeoCities, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ilinunuliwa na kampuni ya Yahoo mwaka 1999 na ikafungwa huko Oktoba 2009. Mamilioni ya kurasa zilizoandikwa na watu wa kawaida ziliondolewa. Nyingine ziliokolewa na watu waliojitolea kuzinakili, lakini wenyewe walikwisha kupoteza anwani walizozitangaza kwa miaka mingi.

Dawa ipo. Mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris wa Marekani mwaka 1983, ulitenganisha jina na mahali. Kompyuta hutambuana kwa nambari. Mfumo huu ni daftari linaloeleza kila jina lifuatwe kwa nambari gani. Mwenye jina lake aliloliandikisha aweza kuhamisha kurasa zake na barua pepe yake kutoka kampuni moja hadi nyingine. Hurekebisha daftari tu, na ilimradi asibadilishe majina ya kurasa zenyewe, wasomaji humkuta pale pale. Hapa Kenya majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, na sehemu ya me.ke imetengwa kwa ajili ya watu binafsi. Jirani zetu wa Tanzania wanayo me.tz.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Kwanza, jina halinunuliwi likawa la milele. Hulipiwa ada kila kipindi, na asiyelipa hulipoteza, hata likaangukia mikononi mwa mwingine. Pili, mwenyewe ahakikishe kwamba limeandikishwa kwa jina lake. Fundi wa tovuti akiliandikisha kwa jina la fundi, daftari litamtambua fundi, na siku ya ugomvi mwenye kazi atakuwa mgeni nyumbani kwake.

Tatu, cha bure kichunguzwe. Majina yanayoishia kwa .ga, ambayo ni mali ya Gabon, yalikuwa yakigawiwa bure na kampuni moja ya Uholanzi. Gabon ilipochukua tena usimamizi wake Juni 2023, mamilioni ya majina hayo yalifutwa. Gabon ilikuwa na haki yake. Walioumia ni wale waliojenga katika kiwanja walichopewa bila hati.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa shule na vyuo vinavyofundisha kompyuta kulieleza jambo hili mapema, na kwa wanaouza majina ya vikoa kulieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na ada na masharti yake yote. Na kila anayekula kwa kalamu au kwa jasho la mikono yake, kabla ya kuchora bango jingine, ajiulize anwani anayoitangaza ni ya nani. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.