Nkambo hajapotea, yuko mbali

Juma hili tuzungumze juu ya wazee wanaosahau. Katika parsele zetu wako wengi, na maneno yanayosemwa juu yao si mazuri.

Nkambo wangu, baba wa mama, amepita miaka 80. Zamani, umeme ukikatika usiku, alitukalisha nje na kutuonyesha nyota. Alituuliza: "Kati yenu na ile nyota, nani mkubwa?" Tulijibu: "Nyota!" Naye alisema: "Nyota haijui kama ninyi muko. Ninyi munajua kama iko. Basi ninyi ndio munaibeba, ndani ya kichwa, na kichwa hakijai."

Alikuwa na sababu ya kuwaza mambo ya juu. Aliishi upande wa mto Luvua wakati kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilipojaribu roketi zake kwenye uwanda wa Manitu. Katanga iliitwa Shaba wakati ule. Roketi ya kwanza ilirushwa Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Rais Mobutu. Nkambo alipenda kusema: "Walichoma mafuta mengi, na chuma kikarudi chini. Mimi nimelala kwenye mkeka, wazo langu limefika kwenye nyota na limerudi, na halikunywa hata tone."

Leo wazo lake linasafiri bila yeye kulituma. Anakula bukari, na nusu saa baadaye anauliza kwa nini hatumpi chakula. Anamwita mama yangu kwa jina la dada yake aliyekufa. Usiku anafungua mlango ili arudi kwake, ng'ambo ya Luvua, na sisi tuko Lubumbashi. Lakini umuulize habari za mwaka ule wa roketi: atakueleza mlio wake, moshi wake, na jinsi mbuzi walivyokimbia.

Majirani wakimsikia wananong'ona: "Mzee anatembea usiku, anaongea na wafu. Ni mlozi."

Darasani ninawafundisha watoto kwamba mwanga unakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka mwezini unatufikia kwa muda unaozidi sekunde moja kidogo. Kutoka juani, dakika 8. Kutoka Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, miaka zaidi ya 8. Mwanga wake tunaouona leo ulianza safari kabla watoto wetu wa darasa la kwanza hawajazaliwa. Kutazama mbali angani ni kutazama zamani.

Ninapomtazama Nkambo ninalikumbuka somo hilo. Mambo ya zamani yangali yanafika kwake. Mambo ya leo ndiyo hayashiki. Na hilo lina sababu: mara nyingi ugonjwa huu wa ubongo huanza kuharibu sehemu inayopokea mambo mapya, na kumbukumbu za zamani hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo maana anawaita waliokufa. Haongei na mizimu. Yuko katika mwaka ambao wangali hai.

Mama, ukiwa na mzee wa namna hii, usibishane naye. Akisema anataka kwenda kwake, usimpigie kelele kwamba nyumba ile ilibomoka. Muulize: "Kwako kukoje? Mlilima nini?" Mara nyingi atakaa chini na kueleza, na hasira itapungua. Viti na kitanda vibaki mahali pamoja. Mlango ufungwe usiku, na majirani waambiwe wazi kwamba ni mgonjwa. Ikiwa kusahau kumeanza ghafla, kwa siku chache tu, mpeleke haraka kwenye kituo cha afya: malaria, maambukizo, ukosefu wa maji mwilini au dawa fulani vinaweza kuchafua akili ya mzee, na hivyo vinatibika.

Watoto nao wamsikilize. Mwanangu ameanza kuandika kwenye daftari majina ya vijiji na mito ambayo Nkambo anataja. Mimi mwenyewe mengine sikuyajua.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wa chama. Tunajua yaliyowapata wazee wengine, zaidi sana wajane: matusi, kufukuzwa, hata mawe. Mara nyingi yalianza na neno moja penye bomba la maji, na wote waliolisikia wakanyamaza. Ukilisikia neno hilo juma hili, jibu palepale: "Yule ni mgonjwa, na mimi ninamfahamu." Halafu nenda umsalimie mzee huyo kwake, mchana, watu wote wakikuona.

Mubaki na amani.