Difu ya Gari la Familia: Tuupime Mlima Kabla ya Kulipa

Katika familia nyingi za Kasulu na Kibondo, pikapu si chombo cha fahari. Mchana hubeba mazao kwenda sokoni, usiku hubeba mgonjwa, na siku ya msiba hubeba jeneza. Aghalabu hununuliwa kwa fedha za watu wengi: mavuno ya baba, akiba ya mama aliyeuza maharage miaka kadhaa, na pengine fungu la mayatima lililo mikononi mwa baba yao mdogo. Hiyo ni amana, na amana haitumiwi kwa kubahatisha.

Hata hivyo, wanandugu wanapokaa kushauriana juu ya gari jipya, huulizana bei, rangi na ukubwa wa injini. Ni wachache wanaouliza habari za difu. Wiki hii tumeona tuizungumzie, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama gari litapanda mlima wetu kwa utulivu au kwa kuungua klachi.

Ndani ya difu ya nyuma mna gia ndogo inayozungushwa na propela, na gia kubwa inayozungusha ekseli za magurudumu. Iwapo gia kubwa ina meno 41 na ndogo ina meno 10, propela itazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hapo tunasema uwiano wa difu ni 4.1. Namba ikiwa kubwa, gurudumu hupata nguvu zaidi, lakini injini huzunguka sana gari linapokwenda kasi. Namba ikiwa ndogo, mfano 3.6, injini hupumzika kwenye tambarare na mafuta hupungua, lakini nguvu ya kuvuta nayo hupungua kwa takriban asilimia 12.

Tutoe hesabu. Gari lenye tairi ambalo mzingo wake ni mita 2.3, likienda kilomita 80 kwa saa katika gia ambayo injini na propela huzunguka sawasawa, injini itazunguka mara 2,377 kwa dakika kwa difu ya 4.1, na mara 2,087 kwa difu ya 3.6. Tofauti hiyo ya mizunguko 290 ndiyo muuzaji anayoisifu anaposema gari lake halili mafuta. Hasemi uongo. Bali anazungumzia barabara ya tambarare, nasi hatukai tambarare.

Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na nyanda zetu za Kasulu na Kibondo hupita mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Basi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kitabuni imekwisha kupotea kabla gari halijapakiwa. Ukiongeza juu yake asilimia 12 za difu nyepesi, utaelewa kwa nini magari mawili yenye injini moja hupishana mlimani, moja likapanda na jingine likarudi nyuma.

Kisha uje mzigo. Pikapu ya tani moja hutosha magunia 10 ya kilo 100. Lakini sote twaijua lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba mpaka likavuka kipimo, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza. Magunia 10 ya namna hiyo yakiwa na kilo 130 kila moja, gari limebeba tani moja na kilo 300, na bado hatujawahesabu watu waliokaa juu yake. Difu yenye nguvu haihalalishi mzigo huo. Breki, springi na ekseli hubaki zile zile, na mkulima aliyedhulumiwa katika gunia hubaki amedhulumiwa.

Wapo watakaosema kwamba zama za barabara mbaya zimepita. Ni kweli kwamba mradi wa lami wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, takriban kilomita 260, umeibadili safari ya Kibondo na Kasulu, na anayesafirisha abiria na vifurushi baina ya miji hiyo atanufaika na namba ndogo. Lakini mahindi hayalimwi kando ya lami. Hupakiwa vijijini, Heru Juu au Mabamba, kwenye njia za udongo mwekundu ambao mvua za kuanzia Novemba huugeuza utelezi. Huko gari huondoka likiwa limesimama, limejaa, na pua imeelekea juu. Dereva mwenye difu nyepesi hulazimika kuibana klachi nusunusu, nayo huungua. Mafuta yaliyookolewa kwenye lami huishia kununua klachi.

Zaidi ya kupanda, tufikirie kushuka. Difu yenye namba kubwa huiwezesha injini kulizuia gari kwenye mteremko, dereva akiwa katika gia ndogo, bila kukanyaga breki muda wote. Breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto huacha kushika. Wanaokaa nyuma ya pikapu ni watoto wetu. Kwa sababu hii pekee tungeichagua 4.1 au zaidi kwa kazi ya vijijini, hata kama ingegharimu lita kadhaa kila safari.

Huko Marekani mnunuzi huweza kuagiza gari na kuchagua difu aitakayo. Kwetu difu huja pamoja na aina ya injini na giaboksi, hivyo kuchagua difu ni kuchagua gari lenyewe. Muulizeni muuzaji namba hiyo kabla ya kulipa, na mtakeni aiandike. Magari mengi ya Japani yana kibati chenye alama ya ekseli, na fundi mjuzi huweza kuisoma. Gari likiwa linavuta kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ndiyo maana kubadilisha baadaye ni gharama ya difu mbili. Wala msifunge tairi kubwa kwa ajili ya sura. Tairi likikua kwa asilimia 10, difu ya 4.1 hufanya kazi kama ya 3.7, na kasi halisi huizidi ile inayoonyeshwa kwenye dashibodi.

Mwisho, tunawanasihi wanandugu wafanye shura ya kweli. Mwiteni fundi, mwiteni na kijana atakayeliendesha, na mama aliyetoa akiba yake naye awepo. Lichukueni gari la aina hiyo hiyo, lijazeni mzigo halali, mlipeleke kwenye mlima mbaya kuliko yote mnaoupita, kisha mlishushe. Likishinda hapo, lipeni. Likishindwa, subirini msimu mwingine. Mwenyezi Mungu azihifadhi safari zetu na atujaalie kutimiza amana.